Mlango wa Sebule ya Awach

Kanuni ya tisa kwa wahudumu wa meli ya Awach ilikuwa fupi: mhudumu asimguse abiria kwa mkono hata akikosewa, amwite afisa. Dishon Ogola aliijua bila kutazama karatasi. Aliwafundisha wageni wa kazi kwa sauti ya mwinjilisti, kidole kikiwa juu. Alhamisi moja ya Aprili mwaka 1987 aliivunja mbele ya watu kumi na wanne.

Alikuwa na miaka kumi na minane kwenye meli hiyo. Ilikuwa ikitoka Kisumu, ikipita Kendu Bay na Homa Bay hadi Mbita, na kesho yake ikirudi. Dishon alisimamia sebule ya juu, ya daraja la kwanza: viti vya kitambaa chekundu, meza sita, choo chenye maji na kioo, vyumba vinne vya kulala, kila kimoja na beseni lake la kunawia. Chini, daraja la tatu, palikuwa na mabenchi ya mbao, magunia ya mtama, mbuzi, na turubai lililotoboka.

Tusimnyime haki yake. Kazi aliijua. Alhamisi hiyo, meli ikirudi Kisumu, pale Homa Bay alipanda Waweru, mfanyabiashara wa vitambaa wa mjini Kisumu, pamoja na mkewe Wangu, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga meli. Dishon aliwapokea kama wakwe.

"Mzee, kaeni upande huu. Kule moshi unaingia dirishani, shati lako litafika Kisumu kama la mchoma makaa. Mama, ukisikia kichefuchefu usilale. Tazama nchi kavu, usitazame maji, na utafune hii tangawizi. Chai agizeni sasa hivi. Tukifika Kendu watu ni wengi na mpishi anakuwa mkali. Maji ya bomba ni ya kunawa tu, ya kunywa yako kwenye birika. Na haya makoti ya kujiokolea yako chini ya kiti. Kamba unafunga mbele, si mgongoni kama mbeleko."

Wangu alicheka. Waweru akasema, "Huyu mtu angekuwa na hoteli Milimani kwa matajiri."

Hakuna mwenye viatu aliyewahi kumlalamikia Dishon. Wasio na viatu walikuwa na habari nyingine, lakini nani aliwauliza? Aliwahi kumwambia Nabututu, mpishi wa meli, "Tiketi inaweza kuibwa. Miguu haidanganyi." Kwa hiyo alisimama mlangoni akikagua miguu, na waliokuwa na matope kwenye vidole aliwarudisha chini kabla hawajafungua mdomo.

Tabia hiyo aliibeba hadi nyumbani. Mwaka uliotangulia, wajomba wawili wa mkewe Selpha walifika kutoka upande wa Kendu na kikapu cha samaki. Dishon akawaacha barazani kwa kuwa walinuka, akaingia ndani kula. Selpha alifunga virago akaenda kwao. Mama yake, Dorca Adero, ndiye aliyemrudisha.

"Mtu havunji nyumba kwa neno la kusimuliwa," alimwambia. "Rudi kwa mume wako. Nitakuja mwenyewe nione. Nikiona, sitakuambia tena urudi."

Selpha hakuficha maneno hayo. Alimwambia Dishon yote huku akipiga pasi koti lake jeupe la kazi. Basi Dishon alijua kabisa kwamba ndoa yake ya miaka kumi na mmoja ilikuwa mikononi mwa bibi mmoja wa kijijini, na kwamba siku ya bibi huyo ingefika.

Siku yenyewe ilitangazwa Jumatatu ya wiki ile.

"Mama anakuja wiki hii," Selpha alisema. "Macho yanamsumbua, anataka kuona daktari. Atalala kwa dada yangu, mtaa wa Manyatta. Nicodemus amemlipia tiketi." Nicodemus alikuwa kaka yake, mwalimu wa Nairobi.

"Siku gani?"

"Siku atakayopata mtu wa kumfikisha gatini. Dishon, atakuwa kwenye meli yako. Nakuomba."

"Unaniomba nini? Mama mkwe simtazami usoni, na yeye hanitazami. Yeye atakaa chini na wanawake wenzake, mimi niko juu. Tutafika Kisumu bila shida."

Hakuuliza tiketi ilikuwa ya daraja gani. Alidhani anajua.

Kuhusu kutotazamana, alisema kweli. Kwa Wajaluo, mkwe na mama wa mke wake hawapeani mikono, hawali pamoja, hawasemezani ana kwa ana. Wakikutana njiani kila mmoja hugeuka. Ni heshima, na heshima hiyo imelinda nyumba nyingi. Siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari, Dishon aliona upindo wa gauni la Dorca tu, na tangu hapo hakuona zaidi. Aliishika mila hiyo kwa ukali kuliko wazee wenyewe, kwa kuwa ilimpa sababu ya kutokwenda kwa wakwe. Dorca alikuwa na bahati kidogo kumzidi: kwenye ukuta wa nyumba yake ilining'inia picha ya arusi, na alimjua mkwe wake kwa sura.

Mvua iliwakuta Kendu Bay. Upepo uliotoka upande wa Nyakach ukaling'oa turubai upande mmoja, na watu wa chini wakaanza kupanda ngazi na watoto wao. Dishon akashuka kuwazuia, akawafokea, akawarudisha. Aliporudi sebuleni na kufunga komeo, akaona kitu kilichompandisha damu. Kwenye kiti chekundu karibu na mlango alikaa bibi mzee. Miguu mitupu, matope hadi vifundoni. Kikapu magotini, na kichwa cha kuku kikichungulia.

Bibi alipomwona aliruka kama aliyeona nyoka. Akavuta leso usoni, akaugeukia ukuta.

Alifanya lile ambalo mwanamke mwenye adabu hulifanya mbele ya mkwe wake. Dishon, Mjaluo aliyezaliwa na kulelewa Bondo, aliiona adabu hiyo waziwazi na akaiita wizi.

"Wewe mama. Umeingia hapa na tiketi gani?"

Bibi akazidi kujibana ukutani.

"Naongea na wewe ama na huyo kuku?"

Wanaume wawili wakacheka. Wangu hakucheka. "Bwana, muulize polepole. Ni mzee. Ni mimi nimemwonyesha hicho kiti."

"Mama, umefanya makosa. Ukimlegezea mmoja, wote wa chini watapanda. Leo kuku, kesho mbuzi."

Bibi aliinua mkono bila kugeuka. Kati ya vidole palikuwa na leso ndogo, imefungwa fundo. Wangu alilifungua akatoa tiketi. "Ni ya daraja la kwanza. Iko na muhuri."

"Ni ya kuokota. Anayenunua hii ana viatu."

"Viatu si hivi hapa kwenye kikapu?" Waweru alisema. "Amevivua visilowe gatini. Wewe, kwani umezaliwa Ulaya?"

Kweli vilikuwemo, vyeusi, vimefungwa kwa gazeti. Pwani yote ile ya ziwa watu hutembea hivyo. Viatu ni vya mjini, havipakwi matope bure. Dishon mwenyewe alivibeba vyake kichwani miaka minne akienda shule.

"Mzee Waweru, kila mtu na kazi yake. Wewe uza vitambaa."

Akamshika bibi mkono juu ya kiwiko.

"Usinishike," bibi aliuambia ukuta, kwa Kijaluo. "Mtu yeyote anishike, si wewe."

"Nisikushike, wewe ni malkia?" Akamvuta. Kikapu kikapinduka, kuku akarukia meza na kuangusha vikombe, viatu vikabingirika chini ya viti. Dishon akafungua mlango, akamsukuma bibi nje kwenye mvua, akatupa kikapu nyuma yake, akafunga komeo. Kisha akapangusa mikono na kusema kwa sauti ya kusikika nje, "Chai ya huku ni ya wenye viatu."

Kisumu ilikuwa bado mwendo wa saa moja na nusu.

Wangu aliinama akaokota vile viatu. Akachukua koti la mumewe, akaenda mlangoni. "Fungua."

"Mama, utalowa."

"Fungua, nimesema. Ama na mimi utanivuta?"

Alimkuta bibi amekaa kwenye ngazi, maji yakimtiririka mgongoni. Akamfunika na kumuuliza kwa nini hakujitetea.

"Ningesema nini, binti yangu? Yule ni mume wa mtoto wangu Selpha. Kusema na yeye ni mwiko."

Wangu alirudi ndani akidondosha maji, akasimama mbele ya meza Dishon alipokuwa akiokota vipande vya vikombe.

"Unajua mtu anaitwa Selpha?"

"Ni mke wangu."

"Basi mama yake ako nje kwa mvua."

Dishon alisogea hadi mlangoni, akaweka mkono kwenye komeo, akauondoa. Atoke amwambie nini? Kwa uso gani? Mila aliyoitumia kama pazia miaka yote ilikuwa sasa ukuta, na yeye alikuwa upande usiofaa. Akamwita Nabututu ampeleke bibi blanketi na chai ya moto. Nabututu akarudi na vyote viwili, chai haijaguswa.

"Amekataa. Amesema alisikia hii ni ya wenye viatu."

"Mbembeleze."

"Mbembeleze wewe. Mimi sikumvuta."

Gatini Kisumu, Selpha alikuwa akisubiri na mwavuli, kwa kuwa jirani aliyetoka Kendu alimletea habari asubuhi kwamba mama angepanda meli siku hiyo. Alimwona mama yake akishuka ameloa hadi kichwani, akishikwa mkono na mwanamke asiyemjua. Aliinua macho kwenye madirisha ya sebule ya juu, na Dishon, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, akarudi nyuma ya pazia.

Wiki iliyofuata alimtuma baba yake mdogo, mzee Oduor, akiwa na mbuzi, kama inavyotakiwa mtu anapomgusa mama mkwe. Dorca alimpokea mzee vizuri, akampa kiti na uji.

"Mbuzi nimemchukua," alisema. "Ni wa mkono ulionigusa, na mkono umekwisha. Mwambie kijana wenu sina kinyongo. Lakini alipokuwa ananivuta hakujua ni mimi. Alidhani ni bibi wa watu tu. Angejua ni mimi angeninyenyekea. Sasa huyo bibi wa watu, mbuzi wake yuko wapi?"

Oduor alimaliza uji wake, akaaga. Mtu anayeheshimu jamaa peke yao haheshimu mtu. Anajiheshimu mwenyewe kwa mlango wa nyuma.

Selpha aliondoka Jumamosi ya wiki hiyo kwa basi, akarudi kwao kupitia Ahero, na watoto watatu. Dishon alikwenda kumfuata mara mbili, na mara zote mbili Dorca alikaa nyumba nyingine kama adabu inavyotaka, asimwambie binti yake aende wala abaki. Selpha alibaki.

Meli ilisimamishwa kazi miaka ya tisini, na Dishon akarudi Bondo peke yake. Kumtoa abiria mmoja kwenye kiti alichokilipia kulimpotezea mke, na watoto watatu waliokulia kwa wajomba zao, na ambao hawakumjua vizuri.