Kasuku Anapokea Simu

Mtoto wa kaka yangu tunamwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake hauna breki. Yeye na vijana wenzake waliwaganda wakubwa wa serikali kama kupe, mwaka mzima, mpaka ikawekwa simu ya bure ya kuwasikiliza vijana waliozidiwa na mambo. Niliposikia ndiye anayeipokea, nilicheka. Huyo atamsikiliza nani?

Juzi nikampelekea chakula ofisini. Nilimkuta na simu sikioni, kimya. Mara mojamoja alisema tu, "Nipo."

Nikamnong'oneza, "Anasema nini huyo?"

Akaniandikia kwenye karatasi: *Bado hajasema kitu, shangazi.*

Nikanuna, chakula kikapoa. Dakika ya arobaini alikaa wima ghafla.

"Ndiyo, mdogo wangu," alijibu, "hata kesho nipo."