Mikono ya Mpwa wa Ngui

Siogopi nyoka wala giza. Naogopa firimbi. Ikilia, hata kama ni mwalimu anaita watoto wa shule uwanjani, mkono wangu unatafuta kitu cha kushika. Na walionifanya hivi nawajua wote: ngui, yaani kiongozi wa ngoma yetu, mpwa wake, na mhubiri. Majina sitaandika, maana na watoto wao tunakutana sokoni Kabati tukichagua nyanya. Lakini mwenye kujua atajua.

Miaka ile ya sabini tulikaa pembeni mwa mji wa Kitui, kwenye nyumba za mabati, na raha yetu yote ilikuwa kwenye holi ya jamii. Vijana waliinua vyuma vya mikebe iliyojazwa simiti. Wazee walicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Jioni uwanja wa nje ulikuwa wetu, sisi watu wa ngoma ya kuruka. Ngui ndiye aliyeshika wimbo na firimbi. Mimi masomo niliachia darasa la nne, lakini hewani nilikuwa na akili kuliko wote.

Kazi yangu ilikuwa hii: wavulana wawili wananirusha, napinduka kinyumenyume, na wa tatu aliye nyuma ananidaka kiunoni. Kiunoni, si mahali pengine. Na huruhusiwi kugeuka kumwangalia. Ukigeuka umemtukana, na mwili pia unapinda vibaya. Firimbi ikilia unaenda tu.

Aliyenidaka alikuwa mpwa wa ngui. Mikono yake sikuwahi kuifikiria, kama vile hufikirii kiti unachokalia kila siku. Halafu akaenda mkutano wa injili, akaokoka.

Mazoezi yaliyofuata alinidaka makwapani, tena amechelewa. Visigino vyangu viligonga chini mpaka meno yakalia.

"Kiuno hukukiona?" nikamuuliza.

"Dada, mhubiri amesema kushika kiuno cha mwanamke ngomani ni kurudi nyuma."

"Basi toka kwenye ngoma."

"Na Nairobi je?"

Sikukuu ya taifa ilikuwa inakaribia, na kikundi ambacho kingempendeza mgeni wa heshima kingepelekwa kucheza Nairobi. Kwa hivyo huyu alitaka mbingu na alitaka Nairobi, na daraja la kwenda kote kuwili lilikuwa mgongo wangu.

Nikamwendea ngui. "Baba, huyu ataniangusha."

Akacheka makusudi ili wapiga ngoma wasikie. "Kilichookoka ni roho, mwiitu, binti yangu. Mikono bado ni ya ngoma!"

Wote wakacheka. Hata mimi nilicheka, halafu nikarudia.

"Weka mwingine, baba."

"Ni mtoto wa dada yangu. Nikimtoa leo, dada yangu nitamwambia nini?"

Tangu hapo ugali haukushuka. Nilikuwa nikienda dukani naangalia mikono ya watu. Nawaza, huyu angenishika? Na huyu je? Mtu anaweza kuniuliza kwa nini sikukataa kuruka. Lakini aliyekataa firimbi ya ngui hakukanyaga tena uwanja ule, na mimi nje ya uwanja nilikuwa mchota maji tu.

Asubuhi ya sikukuu nilimvuta yule kijana nyuma ya holi. "Niapie."

"Sisi hatuapi, dada. Lakini nitakushika kiunoni. Mara hii moja Mungu atanielewa."

Nikamwamini. Uwanjani walikuwa wamemwaga maramu mpya, ile changarawe nyekundu ya barabarani, kwa ajili ya mgeni, wakaishindilia ikawa ngumu kama sakafu.

Ngoma zikapanda, firimbi ikalia, wakanirusha. Nikiwa juu, kichwa chini miguu juu, niliona ua wa uwanja umepinduka, na watu wamepinduka. Katikati yao alisimama mhubiri na koti lake jeusi, Biblia kwapani, amemkazia macho mtu aliye nyuma yangu. Nikajua. Kabla sijafika chini nilijua hakuna mikono. Watu huniuliza kama niliumia sana. Kuumia kulikuja baadaye. Nakumbuka ile hewa, na kujua.

Wapiga ngoma waliniambia yule mpwa alikuwa ameifunga mikono nyuma ya mgongo, kama askari.

Nyonga ilivunjika, na mpaka leo natembea kama meza yenye mguu mfupi. Ngui alikuja hospitali akasema kama ningejikunja nisingevunjika. Mhubiri alikuja akasema Mungu amenirudi kwa sababu ya ngoma. Mpwa hakuja. Alikuwa Nairobi na kikundi, anapiga ngoma, maana ngoma haina kiuno. Sasa ana duka la mbegu Mbumbuni na ni mzee wa kanisa.

Juzi binti yangu aliingia kikundi cha sarakasi, holi ile ile. Wanapanda mabegani, wanaruka. Ningemkataza, lakini najua mtu akitolewa uwanja ule anabaki nini. Nikaenda nikakaa mbele. Sikumwangalia yeye. Niliangalia mikono ya kijana anayemdaka.

Kabla hawajaanza nilimwita. "Kijana, wewe umeokoka?"

Akacheka. "Bado, mama."

"Utamshika kiunoni?"

"Kiunoni, mama. Wapi tena?"

"Basi leo usiokoke. Kesho nitakupeleka kanisani mwenyewe."

Wenzake walianguka kwa kicheko. Mwalimu wao akaweka firimbi mdomoni, na mimi nikashika benchi kwa mikono yote miwili.