Salamu za Wapenda Saa

Hapa Gisenyi, mtu mwenye adabu akikupa mkono wa kulia, wa kushoto huushika karibu na kiwiko. Jumamosi nilitembelea kikundi cha wapenda saa, wanaofundishana kufungua na kusafisha saa za mkono. Sijawahi kuheshimiwa hivyo, hata siku ya harusi yangu: kila mmoja alikunja kwanza mkono wa kushoto wa shati, ndipo akashika kiwiko, saa yake ikang'aa mbele yangu.

Akaingia fundi cherehani, mgeni. Akanisalimia vilevile, ila bila kukunja shati, akinitazama usoni. Wote wakainama kumkagua mkono.

“Saa yako iko wapi?”

“Mi sina. Nimekuja kujifunza.”

“Bon, karibu sana!” Mwenyekiti akavua yake, akamvisha. “Anza na hii.”

Wakati wa kuagana, fundi alinipa mkono tena. Alikunja shati kwanza. Somo limemwingia.