Muhuri wa Kaunta Haukumlinda Mama Njeri

Siku yangu ya kwanza kazini, karani mkuu wa ofisi ya mawakili alinirushia mkoba. "Sheria ni ya wakili," akasema. "Miguu ni yako." Nilikuwa nimeishia darasa la nne. Nikatoka Ngara kwa miguu hadi masjala ya ardhi, na kabla ya mwaka kwisha nilijua jambo ambalo mawakili wengine hawalijui mpaka leo: hati haina nguvu kwa sababu imesainiwa. Nguvu inakuja ikiandikwa kwenye kadi ya ploti, ile kadi ya serikali inayoonyesha mwenyewe ni nani. Anayetangulia kuandikwa ameshinda.

Lakini watu! Wakiona muhuri wa mapokezi wanashangilia. Ule unasema karatasi imefika kaunta, basi.

Mama Njeri, mjane wa Mountain View, alitujia mbio. Nyumba alijenga mumewe, lakini hati ilikuwa na jina la shemeji, na shemeji alikuwa anauza. Tukaandika zuio, yaani ilani ya kufunga ploti isiuzwe. Nikalipeleka asubuhi. Kaunta wakagonga muhuri.

"Mzee, kadi haionekani. Kuja kesho."

Kadi haionekani? Basi iko kwa meza ya mtu, kuna mwingine anaandikwa! Nikampigia wakili mkuu, yuko kwake Lavington.

"Acha nikae hapa mpaka iandikwe."

"Umegongewa muhuri?"

"Nimegongewa, lakini..."

"Lakini nini? Rudi ofisini, kuna barua za kupeleka. Wewe ulisomea sheria wapi?"

Nikarudi. Aibu yangu ni hiyo.

Kesho yake kadi ilionekana, na jina jipya juu yake. Karani wa mnunuzi alikuwa amekaa kwenye benchi na mkate wake mpaka uhamisho ukaandikwa. Zuio letu likarudishwa.

Mama Njeri akashika nakala yetu. "Si mliniambia imeingia?"

Wakili akaanza kutafuta kalamu mezani.

"Haikuingia, mama," nikasema. "Ilipokelewa tu."

Baada ya hapo hakuna bosi aliyeniondoa kwenye lile benchi. Mmoja alitishia kunifuta kazi; nikamwambia aje anibebe. Nilistaafu bila karatasi nyingine kunipita. Siku hizi nyinyi makarani vijana mnatuma kwa kompyuta, mnaniambia "imeenda." Imeenda wapi? Someni rejista kwa macho yenu!

Mama Njeri amepanga chumba Kangemi. Tukikutana sokoni, ananisalimia vizuri, anauliza watu wa nyumbani. Afadhali angenitukana.