Goti Langu na Maji ya Korongoni

Nimeumia katika miji mingi. Bega lilinichoka Mwanza, kifundo cha mguu kiliteguka Nairobi, na kiwiko kinachoniuma hadi leo nikibeba begi nilikipata Moshi, nikipiga servi dhidi ya upepo kwa ubishi tu. Mtu anayeishi kwa tenisi, akihama klabu moja hadi nyingine, hukumbuka miji kwa maumivu. Dodoma naikumbuka kwa kupona.

Nilifika pale miaka ya mwanzo ya soko huria, kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye raketi mbili. Klabu iliniajiri kufundisha wanachama wake, wengi wao watumishi wa serikali, na kuichezea katika mashindano. Viwanja vilikuwa vya udongo wa kichuguu, uliotwangwa, ukamwagiwa maji na kushindiliwa kwa roli la chuma. Juu ya udongo ule mchezaji hateremshi mguu akasimama; anateleza hadi ulipo mpira, ndipo anapiga. Kwa hiyo wenyeji walicheza na raba kuukuu zilizolika soli. Mimi nilikuwa nimenunua mnadani raba za mtumba, nzito, soli zake zinakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Baadaye niliambiwa ni za mpira wa kikapu. Hata ningejua nisingejali, maana miaka michache nyuma raba za aina yoyote zilikuwa za kutafuta kwa tochi.

Jioni moja ya kiangazi niliukimbilia mpira wa pembeni. Mguu wa kulia ulikanyaga, ukagoma kuteleza, mwili ukaendelea na safari. Nilisikia goti likilia kabla sijasikia maumivu.

Hospitalini, mtaalamu wa viungo, dada mmoja mpole kutoka Bukoba, aliliminya na kulivuta, akasema kano imechanika lakini haijakatika. Nikafungwa plasta.

"Ikitoka utembee mchangani kila siku," aliniambia. "Mchanga mlaini, polepole."

Katibu wa klabu alikuja kunitazama na mfuko wa zabibu. Hakuwa mtu mbaya.

"Tutakusubiri hadi mashindano ya mkoa," alisema. "Usipoweza kucheza siku hiyo, itabidi tumlete mwalimu kutoka Dar. Wanachama wanataka kocha anayekimbia, ndugu yangu."

Nilimshukuru, akaondoka, nikabaki naitazama plasta. Kazi nyingine sikuijua.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja wa Kigogo, mjane, upande wa Msalato. Aliposikia habari za mchanga alicheka.

"Mchanga uko korongoni. Na anayekwenda korongoni, mwanangu, harudi mikono mitupu."

Plasta ilipotoka, akanipa ndoo.

Kiangazi mto wa korongo lile haukuwa na maji juu. Wanawake walichimba mashimo mchangani, wakasubiri maji yajichuje, wakayateka kwa kata kidogo kidogo. Wanaume waliofika pale walikuja na punda au baiskeli. Punda sikuwa naye, na baiskeli nisingeweza kuikanyaga. Nikabeba ndoo kichwani, na korongo zima likaniona.

"Nani kamtuma maji mwanamume mzima?"

"Ni mpangaji wa jirani yangu. Anatibiwa."

"Anatibiwa nini, uvivu?"

"Goti."

"Mbona ndoo ndiyo inayougua? Itazame inavyotapika."

Walikuwa na haki ya kucheka. Goti lilikuwa linapona, ila mimi nilikuwa bado naliogopa. Kila nilipokanyaga mguu wa kulia niliuondoa haraka, kama aliyekanyaga kaa la moto, na maji yalinimwagikia mabegani. Nilifika nyumbani na nusu ndoo, shati limelowa. Mama mwenye nyumba alichungulia ndani.

"Leo umeleta ya kunawa," alisema. "Kesho lete ya kupikia."

Hata hivyo alinipikia ugali wa uwele na mlenda, akisisitiza kwamba utelezi wa mlenda hushuka hadi kwenye magoti. Sikubishana, nikaongeza matonge.

Siku zilizofuata wale wanawake waliendelea kunitania, lakini waliniruhusu niteke kwanza, mbele ya foleni, nisisimame sana. Mmoja, mtoto mgongoni, alinifuata nyuma akinielekeza.

"Shemeji, huo mguu ni wako, hujauazima. Uweke wote chini."

Nikajaribu kuuweka wote. Ndoo ilitulia hatua chache, kisha ikayumba tena. Nilipomsimulia mtaalamu wa viungo, alicheka hadi akafuta machozi, kisha akanitembeza chumbani mwake na beseni kichwani, macho yake kwenye nyonga zangu. "Endelea," alisema. "Ila usijaze."

Asubuhi moja nilikwenda moja kwa moja mbele ya foleni, kama nilivyozoea.

"Wewe unakwenda wapi?" akauliza yule mwenye mtoto. "Rudi nyuma. Mgonjwa gani anatembea hivyo?"

Nikarudi nyuma ya foleni. Sijawahi kufukuzwa mahali nikafurahi kiasi kile.

Mashindano ya mkoa yalipofika, nilivaa raba kuukuu zilizolika soli kama za wenyeji, nikapangiwa mwalimu wa sekondari aliyejua vizuri habari za goti langu. Seti nzima ya kwanza alinitumia mipira mifupi upande wa kulia, nami niliiacha ipite. Katibu alikuwa amekaa kivulini, mikono kifuani, akitazama miguu yangu tu. Seti ya pili ukaja mwingine, karibu kabisa na wavu. Huu sikuupangia. Nilijikuta nimeteleza hadi ulipo, mguu wa kulia mbele umebeba mwili wote, na mpira umesharudi upande wa pili. Nilisimama pale nikilisikiliza goti. Lilikuwa kimya.

"Kumbe mzima," alisema yule mwalimu. "Ulikuwa unanizuga."

Seti hiyo nilishinda, ya tatu akanifunga, na sikumbuki kushindwa kulikonipa raha zaidi. Katibu alinijia nikiwa bado nahema.

"Kesho saa kumi una wanafunzi," alisema. "Mke wangu naye anataka kuanza."

Nikamwomba iwe saa kumi na moja. Saa kumi nilikuwa na watu wa kwenda kuwashukuru korongoni.