Kichwa Kilichonyolewa Nusu

Wateja walimpachika jina la Redio kwa sababu kinyozi yule akishawashwa hazimiki. Kibanda chake kilikuwa na viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni, na benchi la wanaosubiri, ambalo halikuwahi kukosa watu hata siku ambayo hakuna anayenyolewa. Walikuja kumsikiliza. Na mada aliyoipenda kuliko zote ilikuwa walimu.

Si kwamba alikuwa na ubaya na mtu. Binti yake, ambaye nyumbani walimwita Chiriku kwa kuwa ulimi aliurithi kwa baba, alikuwa darasa la sita, na kila alichosimulia kuhusu shule Redio alikibeba hadi kibandani, akakitia chumvi na pilipili. Mkono wa kutia uliposhika kasi ndipo akazaliwa yule mwalimu wa hesabu anayefundisha akiwa amekaa, anayejaza ubao na kusinzia, na ambaye madaftari ya watoto kwake yanaota ukungu. Watu walicheka hadi wakashika mbavu.

Jumamosi moja akaingia mzee mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri ingawa ukosi umechakaa. Akaketi, akafungwa shuka shingoni, akainamisha kichwa. Redio akawasha mashine, na mdomo nao ukawaka. Alikwisha kunyoa upande wa kulia alipofika kwenye mwalimu wa hesabu.

"Yule hafundishi," akasema. "Yule anasubiri kustaafu tu."

Benchi zima likacheka. Mzee hakucheka. Aliuliza kwa upole, "Umewahi kumwona?"

"Nimwone wa nini? Binti yangu ananieleza yote."

"Basi mwangalie vizuri. Umemshika kichwa."

Mashine ilikuwa ikinguruma mkononi, lakini Redio hakuisikia. Benchini kila mmoja alikuta ana jambo la kutazama sakafuni. Kilichowatesa wote wawili ni kwamba hakuna aliyeweza kuondoka. Mwalimu asingetoka nje na kichwa kilichonyolewa nusu, na Redio asingemwacha hivyo. Ikabidi aendelee, taratibu, kama ananyoa mtoto mchanga.

Mwalimu ndiye aliyeanza. Alisema hakuja kugombana. Alikuwa amemtuma Chiriku amwite baba yake shuleni, si mara moja, na hakuona mtu. Juzi alipomwuliza kwa nini hajafanya zoezi, Chiriku alisimama mbele ya darasa akasema maneno yale yale ya kustaafu, na kwamba kayasikia kwa baba. Darasa lilicheka kama lilivyocheka benchi.

"Sikumwadhibu," mwalimu akasema. "Nilikwenda kukaa ofisini. Lililoniuma ni kwamba nusu yake ni kweli. Nakaa kwa sababu ya mgongo. Na madaftari, kweli nimeacha kuyasahihisha. Watoto ni wengi, nikachoka, nikajiambia hakuna mzazi anayeyafungua."

Redio alimalizia upande wa kushoto, akampangusa nywele shingoni. Madaftari ya Chiriku, aliyafungua lini yeye?

Alifunga kibanda mapema. Nyumbani alimkuta Chiriku na mama yake wakikunja nguo. Alipowaeleza yaliyompata, mkewe hakuinua macho. "Redio ikitangaza, Baba Chiriku, wanaosikiliza wanarudia," akasema. "Ulidhani wa kwetu ana pamba masikioni?"

Chiriku alianza kujitetea, akakwama katikati, akalia. Ndipo ukweli ukatoka. Tangu walipoanza hesabu za sehemu, nusu na robo, haelewi kitu, na anaona haya kuuliza. Siku wenzake walipocheka maneno ya baba, aligundua kwamba mtu anayechekesha haulizwi jibu. Wito alikuwa akiumeza kila mara kwa kuogopa baba angejua kuwa haelewi.

"Na wewe ulisema hesabu hazina kazi," akaongeza. "Ulisema hukuzijua na unaishi."

Redio alikumbuka kusema hivyo. Ilikuwa mzaha. Alimketisha mwanawe karibu akamwambia kwamba kosa la kumdhihaki mwalimu ni lao wote wawili, ila la kuficha wito ni lake peke yake, na kila mtu atabeba la kwake.

Jumatatu wakaongozana. Chiriku aliomba msamaha palepale alipokosea, mbele ya darasa. Redio naye akakohoa, tayari kusema lake, lakini mwalimu akamgusa bega. "Wewe tutazungumza ofisini, baba. Mbele ya mwanao hapana." Heshima ile ilimwingia kuliko kama angekaripiwa. Kabla ya kutoka aliangalia madawati yaliyobanana, na watoto waliokaa kwenye vizingiti vya madirisha wakiandikia magotini, akaelewa mgongo wa yule mzee unabeba nini.

Walikubaliana mambo madogo. Mwalimu angesahihisha safu moja kila siku, hata kama nyingine zitangoja. Chiriku angenyoosha mkono asipoelewa, acheke anayecheka. Redio angekaa naye jioni. Jioni za mwanzo zilikuwa vituko. Baba na mwana waliinamia swali moja, wote hawalijui, mama akiwacheka kutoka jikoni. Asubuhi Chiriku aliondoka na swali lile kwenda kuuliza. Zipo siku mwalimu aliumwa na safu ikarukwa, na zipo siku Redio alichoka akasinzia mezani, naye Chiriku akazitumia siku hizo kucheza. Lakini hakuna aliyeacha kabisa.

Muhula ulipofungwa, Redio alikwenda kusikiliza matokeo. Chiriku alikuwa amepita hesabu kwa kuponea chupuchupu. Baba alikuwa tayari kushangilia, ila binti alikuwa amenuna. Kuna swali alilokoseshwa na yeye ana hakika alipata. Kabla baba hajafungua mdomo, Chiriku alikwishaingia ofisi ya walimu.

Redio akakaa kwenye kibaraza, nje ya mlango. Kutoka ndani alisikia chaki ikigonga ubao, sauti ya mzee ikieleza, sauti ya mwanawe ikipinga kwa adabu, kisha ya mzee tena. Mzazi mwenzake aliyekaa jirani akamwuliza kulikoni mle.

"Wako kazini," Redio akajibu, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno.