Nilipomsahihisha Mwalimu Ruthi

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha ya zamani ya polisi wa Marekani wakiwapiga virungu watu weusi walioandamana. Nikamkumbuka Mwalimu Ruthi, Mmarekani mweusi aliyepanga chumba kwetu Manundu, nikiwa mtoto, nchi yetu ikiwa imetoka tu kupata uhuru.

Mchana mmoja uani kulinuka dagaa aliokuwa akikaanga mama. Mwalimu alitoka chumbani na barua kutoka kwao.

"Mdogo wangu amevunjwa mbavu," alisema. "Alikwenda kujiandikisha kupiga kura."

"Pole, mwanangu," mama alimwambia. "Na waliompiga, polisi wamewakamata?"

"Polisi ndio waliompiga."

Nilicheka. Yeye mwenyewe alikuwa ameniomba nimsahihishe Kiswahili chake, na polisi niliowajua mimi walitupungia mkono tukienda shule.

"Umekosea, Mwalimu. Sema: polisi wamewakamata waliompiga."

Mama alinikata jicho. Mwalimu Ruthi hakukasirika. Aliirudia sentensi yangu taratibu, neno kwa neno, kama mwanafunzi mtiifu, kisha akajifunika uso kwa ile barua. Mama alimshika bega.